Mwanamke Asiye na Jina katika Kijipicha cha Holbein

Katika Mkusanyiko wa Kifalme wa Uingereza kuna kijipicha cha duara chenye kipenyo cha sentimita 6 na ushei, kilichochorwa na Hans Holbein Mdogo mnamo mwaka 1540. Kinamwonyesha mwanamke aliyegeuka kidogo upande, nyuma yake pakiwa na rangi ya buluu tupu. Amevaa gauni la kitambaa cha dhahabu lenye manyoya mikononi, kofia ya mtindo wa Kifaransa iliyopambwa ukingoni kwa vito, mkufu, na kidani kikubwa chenye mawe na lulu. Uso umetulia, macho mazito kidogo, midomo imefumbwa. Kijipicha hakina maandishi yoyote: hakuna jina, umri wala mwaka. Tangu karne ya 18 wengi wamekiita picha ya Katherine Howard, mke wa tano wa Mfalme Henry VIII. Wasimamizi wa mkusanyiko huo hulitaja jina hilo pia, lakini hulitanguliza kwa neno “labda”, na neno hilo moja limebeba mabishano ya muda mrefu.

Sanaa ya vijipicha vya sura ilizaliwa Ulaya katika miaka ya 1520, wakati wa Renaisansi, ule mwamko wa elimu na sanaa uliolitikisa bara hilo kati ya karne ya 14 na ya 17. Kabla ya hapo picha ndogo za rangi za maji zilikaa vitabuni. Wafalme na matajiri waliagiza vitabu vya sala vilivyoandikwa kwa mkono, na mafundi wakavipamba kwa maua, watakatifu na sura za wenye vitabu. Uchapaji ulipoenea kazi hiyo ilianza kupungua, ila ustadi wenyewe haukufa. Sura ya mtu ilitolewa kwenye ukurasa, ikakatwa duara, ikawekwa ndani ya kikasha cha thamani na kuvaliwa au kutunzwa sandukuni. Nchini Ufaransa fundi mashuhuri wa mwanzo alikuwa Jean Clouet. Nchini Uingereza alikuwa Lucas Horenbout, mtu wa Ghent aliyetoka katika ukoo wa wapambaji vitabu.

Vijipicha hivyo havikuwa mapambo tu. Mwaka 1526 Marguerite, dada wa Mfalme Francis I wa Ufaransa, alimpelekea Henry VIII vikasha vyenye sura ya kaka yake na sura za wana wawili wa kaka yake, ambao wakati huo walikuwa mateka nchini Hispania. Kumpa mfalme mwenzio nyuso za watoto waliofungwa ilikuwa njia ya kumwomba msaada bila kutamka ombi. Baadaye wachumba walipelekeana sura zao kabla ya kuonana, na watumishi wa dola walivaa sura ya mtawala wao kifuani kama alama ya utii.

Holbein aliikuta sanaa hii tayari ipo. Alizaliwa Augsburg, Ujerumani, mwaka 1497 au 1498, akafanya kazi Basel, Uswisi, hadi Matengenezo ya Kiprotestanti yalipopunguza maagizo ya picha za makanisani. Alikwenda Uingereza mara ya kwanza kati ya mwaka 1526 na 1528, akarudi tena mwaka 1532, na huko London akafa mwaka 1543. Karel van Mander, aliyeandika maisha ya wachoraji na kuyachapisha mwaka 1604, anasema Holbein alifundishwa vijipicha na fundi mmoja wa kasri aliyeitwa Lucas. Bila shaka huyo ni Horenbout. Mwanafunzi alimpita mwalimu mapema. Horenbout aliweza kuonyesha nguo na rangi, lakini Holbein alijua kuujenga uso kwa mstari mmoja wa wino, na ujuzi huo aliushusha hadi kwenye ukubwa wa kifuniko cha chupa bila kupoteza chochote. Vijipicha vinavyokubalika kuwa vya mkono wake havifiki ishirini.

Utengenezaji wake ulihitaji subira kubwa. Fundi alichukua ngozi ya ndama iliyokwanguliwa hadi ikawa laini na nyembamba mno, akaibandika juu ya kadibodi kwa gundi ya wanga. Kadibodi bora iliyopatikana kwa urahisi ilikuwa karata za kuchezea, kwa kuwa zama hizo mgongo wa karata ulikuwa mweupe na laini. Ngozi ilibandikwa upande huo mweupe, na alama za mchezo zikabaki nyuma. Kijipicha cha mwanamke huyu kimebandikwa juu ya karata ya nne ya uru. Mahali pa uso palipakwa kwanza tabaka moja la rangi ya ngozi ya mtu. Juu yake macho, pua na midomo vilichorwa kwa vistari vidogo visivyoonekana bila lenzi, kwa brashi ya manyoya ya kindi. Rangi zilichanganywa na maji na utomvu wa mgunga. Dhahabu ilisagwa ikawa unga, ikapakwa kama rangi, kisha ikasuguliwa hadi ing’ae.

Nicholas Hilliard, fundi mkubwa wa vijipicha wa enzi ya Malkia Elizabeth I, aliandika mnamo mwaka 1600 maelezo ya kazi hii. Anamshauri mchoraji avae hariri, maana haimwagi nyuzi, ajihadhari na mba za kichwani, na asizungumze juu ya kazi mate yasije yakairukia. Dhahabu na fedha zilisuguliwa kwa jino dogo la mnyama wa jamii ya kicheche. Kijipicha hakisamehi kosa, kwani punje moja ya vumbi juu ya shavu huonekana kama jipu.

Kwa nini basi kazi ya uangalifu kiasi hicho ikaachwa bila jina? Jibu liko katika matumizi yake. Picha kubwa ya ukutani ilitazamwa na wageni, na wageni walihitaji kuambiwa aliyechorwa ni nani. Kijipicha kilitengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja aliyemjua vizuri huyo aliyechorwa, na mume hahitaji kuandikiwa jina la mkewe. Vingine viliandikwa, kwa mfano kijipicha cha Henry VIII mwenyewe kilichochorwa na Horenbout, ambacho sasa kipo Fitzwilliam Museum mjini Cambridge, kina maandishi ya dhahabu yanayotaja umri wa miaka 35. Hata hivyo maandishi mengi yalitaja umri au mwaka tu. Mwenye picha alipokufa, ujuzi ulibaki kwa watoto, kisha kwa wajukuu, halafu ukapotea. Kikasha cha awali, ambacho huenda kilikuwa na nembo ya ukoo, kiliyeyushwa kwa ajili ya dhahabu yake. Warithi wakauza, wauzaji wakabandika majina, na kila muuzaji alijua kwamba malkia aliyekatwa kichwa hupata bei kubwa kuliko mke wa mfanyabiashara.

Katherine Howard alikuwa malkia aliyekatwa kichwa. Alikuwa mpwa wa Duke wa Norfolk na binamu wa Anne Boleyn, mke wa pili wa Henry. Mwaka wake wa kuzaliwa haujulikani kwa hakika, ila wanahistoria wengi wanauweka mwanzoni mwa miaka ya 1520. Aliolewa na Henry tarehe 28 Julai 1540, siku ileile ambayo Thomas Cromwell, waziri aliyekuwa na nguvu kuliko wote, alikatwa kichwa. Mfalme alikuwa na umri wa miaka 49. Novemba mwaka uliofuata mambo ya bibi huyu ya kabla ya ndoa na baada yake yakafichuka, akavuliwa cheo cha umalkia, na tarehe 13 Februari 1542 akauawa katika Mnara wa London. Hakuna picha hata moja yenye uthibitisho wa wakati wake inayomwonyesha. Msichana aliyekuwa malkia kwa muda usiotimia mwaka mmoja na nusu, akafa kabla ya kukua vizuri, hana uso katika historia, na ni rahisi kuelewa kwa nini watu wametamani sana kumpatia mmoja.

Hoja kuu inayomuunga mkono ni vito. Kidani kikubwa anachovaa mwanamke wa kijipicha kinafanana na kile anachovaa Jane Seymour, mke wa tatu wa Henry, katika picha ambayo Holbein alimchora mnamo mwaka 1536 na ambayo sasa ipo Kunsthistorisches Museum mjini Vienna. Jane alikufa Oktoba 1537, siku 12 baada ya kumzaa mrithi wa kiti, Edward. Vito vya namna hii vilitoka katika hazina ya mfalme: malkia alipokufa au kuachwa vilirudi kwa mfalme, naye akampa anayefuata. Orodha ya vito alivyokabidhiwa Katherine imehifadhiwa hadi leo, na baadhi ya vilivyotajwa humo vinalingana na vinavyoonekana katika kijipicha. Mavazi nayo yanaafiki mnamo mwaka 1540. Ukiunganisha hayo unapata mwanamke aliyepewa vito vya malkia, aliyechorwa na mchoraji wa mfalme, baada ya Jane Seymour na kabla ya Holbein kufa mwaka 1543.

Hoja hiyo ni nzito, lakini haifiki mwisho wa njia. Katika kipindi hicho Henry alioa wake watatu. Wa mwisho, Catherine Parr, aliolewa Julai 1543, miezi michache tu kabla ya kifo cha Holbein. Aliyemtangulia Katherine ni Anne wa Cleves, binti wa mtawala wa jimbo la Kijerumani, aliyeolewa tarehe 6 Januari 1540. Holbein alitumwa Ujerumani mwaka 1539 amchore ili mfalme amwone kabla ya ndoa. Picha kubwa ya Anne ipo Louvre, Paris, na kijipicha chake kipo Victoria and Albert Museum, London, ndani ya kikasha cha pembe ya ndovu kilichochongwa kama ua la waridi. Henry hakumpenda alipomwona, na ndoa ikabatilishwa tarehe 9 Julai 1540. Kwa miezi sita hiyo, hata hivyo, Anne alikuwa malkia halali, naye hakuwa na sababu ya kukosa vito vya malkia.

Mwandishi Franny Moyle, katika kitabu chake cha mwaka 2021 kuhusu Holbein, ametetea dai kwamba mwanamke wa kijipicha ni Anne. Anaona kope nzito na nyusi zinazofanana na za picha ya Louvre, na anaona uso uliokomaa kuliko wa msichana wa umri wa Katherine. Anne alizaliwa mwaka 1515, hivyo alikuwa na miaka ipatayo 25. Tena Moyle anageuza kijipicha na kuitazama karata ya nyuma. Nne ya uru, anasema, haikuchaguliwa kiholela: Anne alikuwa mke wa nne.

Dai hilo linavutia, na kwa kweli ni vizuri kwamba mtu amefikiria kuutazama mgongo wa picha. Lakini kila sehemu yake ina udhaifu. Kufananisha nyuso ni njia iliyowapotosha wataalamu mara nyingi, hasa kwa uso uliochorwa katika eneo lisilozidi ukucha wa kidole gumba. Nyusi nyembamba na midomo midogo ilikuwa kwa kiasi fulani namna ya kuchora ya zama hizo. Umri nao hausomeki kwa uhakika usoni mwa mwanamke aliyevaa mavazi mazito ya kasri. Kuhusu karata, hakuna hati ya zama hizo inayosema mafundi walichagua namba kwa maana maalumu. Wengi walichukua karata iliyokuwa safi na imara, na katika karata nyingi walizozitumia kwa miaka, baadhi zingekuja kulingana na jambo fulani kwa bahati tu.

Yupo mgombea wa tatu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mwanahistoria Susan James alipendekeza kuwa mwanamke huyu ni Lady Margaret Douglas, mpwa wa Henry VIII. Margaret alikuwa mwanamke wa damu ya kifalme, na alikuwa na haki ya kuvaa kwa fahari. Udhaifu wa pendekezo hili ni kidani. Kumpa mpwa vito vya malkia aliyekufa si jambo lisilowezekana, ila linahitaji maelezo, na maelezo yanayohitajika kwa Katherine ni machache zaidi.

Kuna jambo jingine ambalo halitajwi mara nyingi inavyostahili. Kijipicha hiki kina pacha. Toleo la pili la sura ileile, nalo linalohesabiwa kuwa la Holbein, limo katika mkusanyiko wa Duke wa Buccleuch. Vijipicha viwili vya mtu mmoja vinaonyesha kwamba zaidi ya mtu mmoja alitaka kuwa na sura hiyo, na kwa mwanamke wa kawaida jambo hilo lisingetarajiwa. Linampa nguvu malkia yeyote. Halisemi ni malkia yupi.

Historia ya majina katika fani hii inamtaka mtu awe na tahadhari. Picha nyingine ya mwanamke kutoka kwa Holbein na wasaidizi wake, iliyopo katika makumbusho ya sanaa ya Toledo, Ohio, nayo ilitangazwa mwanzoni mwa karne ya 20 kuwa ya Katherine Howard. Ilikuwa imetoka katika ukoo wa Cromwell, na leo wengi wanaona kwamba mwanamke huyo alikuwa mtu wa familia hiyo, pengine Elizabeth Seymour, dada wa Malkia Jane, aliyeolewa na mtoto wa Thomas Cromwell. Katika Victoria and Albert Museum kuna kijipicha kizuri sana cha Holbein cha mwanamke aliyevaa nguo nyeusi na kitambaa cheupe, ambacho kwa miaka mingi kiliitwa Bibi Pemberton kwa sababu ya nembo ya ukoo huo iliyohifadhiwa pamoja nacho. Wataalamu walimtafuta katika familia ya kabaila wa mashambani. Uchunguzi wa hati ulionyesha kwamba jina lilikuwa sahihi ila mtu hakuwa yule. Aliyechorwa ni Jane Small, aliyezaliwa katika ukoo wa Pemberton na kuolewa na mfanyabiashara wa London. Kazi iliyodhaniwa kuwa ya tabaka la makabaila ikageuka kuwa ushahidi kwamba mchoraji wa mfalme alikubali pia fedha za wafanyabiashara wa mjini. Huo ni ujuzi mkubwa kuliko jina lenyewe.

Mfano wa upande mwingine upo New Haven, Marekani, katika Yale Center for British Art. Ni kijipicha cha msichana cha katikati ya karne ya 16. Mwaka 2007 mwanahistoria David Starkey alitangaza kwamba ni Lady Jane Grey, aliyekuwa malkia kwa siku tisa tu mwaka 1553 na kuuawa Februari 1554. Hoja zake zilitegemea pini ya kifuani na majani aliyovaa msichana huyo, ambayo alidai yanadokeza ukoo wa mumewe. Lakini maandishi ya kijipicha yanataja umri wa miaka 18, na Jane Grey alikufa akiwa na miaka 16 au 17. Mtetezi anaweza kusema mwandishi alikosea au alihesabu mwaka ulioanza. Mtu akianza kuyakataa maandishi yaliyomo ili kuiokoa dhana yake, amekwisha kuacha njia ya ushahidi.

Maabara husaidia hadi kiwango fulani. Hadubini huonyesha mpangilio wa vistari na mahali palipopakwa upya. Miale ya eksirei hutambua madini ya rangi bila kuigusa picha, na hivyo kubaini rangi zilizoongezwa karne nyingi baadaye. Wataalamu wa mavazi wanaweza kutaja muongo kwa kutazama umbo la kofia tu. Yote hayo huweka mipaka ya wakati, mahali na mkono wa fundi. Jina hutoka kwingine: katika orodha za mali, wasia, risiti za malipo na barua, yaani katika karatasi zilizoandikwa na watu waliojua.

Kwa kijipicha cha Holbein karatasi ya namna hiyo haijapatikana. Kilichopo ni kidani, orodha ya vito vya Katherine, mavazi, mkono wa mchoraji wa mfalme na nakala mbili. Ushahidi huo unatosha kusema kwamba mwanamke huyu aliketi mbele ya Holbein akiwa amevaa mali ya mfalme, na kwamba kwa uwezekano mkubwa alikuwa malkia. Kati ya wagombea watatu, Katherine Howard ndiye mwenye hoja bora, kwa sababu baadhi ya vito vilivyoandikwa kuwa mkononi mwake vinalingana na anavyovaa mwanamke huyu. Anne wa Cleves anafuata kwa karibu kuliko wengi walivyokubali kabla ya mwaka 2021. Margaret Douglas yuko nyuma yao. Kuliondoa neno “labda” kabla hati haijapatikana kungekuwa kumkosea heshima mwanamke yeyote kati yao ambaye sura hii si yake, na wasimamizi wa mkusanyiko wamefanya vyema kuliacha pale lilipo.